Ukurasa Hauna Sauti

Naomba tuutazame pamoja ukurasa mmoja wa jarida, ukurasa ambao bendi au kampuni ya muziki imeulipia ili kutangaza albamu mpya. Sisi wa redio tumebahatika katika jambo hili. Tukitaka kuitangaza albamu tunapiga wimbo wenyewe, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha mtu ameshajua kama muziki huo ni wake au ni wa jirani yake. Jarida halina bahati hiyo. Karatasi haitoi sauti. Huwezi kuchapa mlio wa gitaa, wala mdundo wa ngoma, wala ile pumzi mwimbaji anayoivuta kabla ya kupandisha sauti. Anayebuni tangazo la albamu anauza kwa macho kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya masikio, na hoja yangu ya leo inaanzia hapo. Tangazo lenye picha moja, maneno machache na nafasi tupu kubwa huonekana kwa wengi kama pambo la watu wa mjini au uvivu wa msanifu. Mimi naliona kuwa ndilo tangazo linalokiri ukweli kwamba karatasi haiwezi kuusema muziki, na kwa sababu limekiri hivyo, linabaki na kazi mbili ambazo karatasi inaziweza: kumtia msomaji hamu ya kusikia, na kumwambia atafute nini.

Tulitazame kwanza tangazo la aina nyingine, lile tulilolizoea. Juu kuna picha ya wanabendi wote wamejipanga mstari. Pembeni kuna jalada la albamu, limepunguzwa hadi likawa kama stempu. Chini kuna orodha ya nyimbo 12, majina ya wasanii walioalikwa, jina la mtayarishaji, nembo za wadhamini, namba tatu za simu na msimbo wa QR. Katikati, kwa herufi nyekundu zenye kivuli, kuna maneno kwamba hii ndiyo albamu kali ya mwaka. Kila kitu pale kina mtetezi wake. Picha iliombwa na mpiga gitaa ambaye hakutaka kuachwa nje, nembo ziliombwa na waliotoa fedha, orodha ya nyimbo iliombwa na meneja, na maneno ya sifa yaliwekwa kwa sababu ilibaki nafasi na nafasi ikaonekana hasara. Asiye na mtetezi katika kikao kile ni msomaji. Yeye anafungua jarida akitafuta makala, jicho lake linapita juu ya ukurasa kwa kitambo kifupi sana, na katika kitambo hicho vitu hivyo vyote vinamwita kwa pamoja. Hakuna hata kimoja kinachosikika. Yale maneno ya sifa ndiyo dhaifu kuliko yote, kwa sababu albamu ya ukurasa unaofuata nayo inaitwa kali. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na msomaji anaijua methali hiyo hata kama hakuitamka.

Sanaa ya kupunguza ina historia ndefu kuliko muziki wa bendi tunaoujua. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, kijana aitwaye Lucian Bernhard aliingia katika mashindano ya kubuni bango la viberiti vya Priester. Inasimuliwa kwamba mchoro wake wa kwanza ulikuwa na meza, kitambaa cha meza, sigara, kisahani cha majivu na hata wasichana wanaocheza katika moshi. Akaanza kufuta. Wasichana wakaondoka, kisahani kikaondoka, meza ikaondoka, na mwishowe zikabaki njiti mbili za kiberiti, na jina la kampuni kwa herufi nene, juu ya rangi ya giza isiyo na kitu kingine. Bango hilo lilishinda, na likaanzisha mtindo mzima wa mabango ya Kijerumani. Somo ninalolichukua hapo ni kwamba Bernhard hakuanza na utupu. Alianza na wingi, kisha kila kitu kikaulizwa kazi yake. Njiti zilibaki kwa sababu bila njiti hakuna kiberiti, na jina likabaki kwa sababu bila jina mnunuzi hatajua aombe nini dukani. Uchache wa namna hii ni matokeo ya maamuzi mengi, na anayedhani ni kazi ya dakika tano ajaribu kumwambia mwenye kampuni kwamba meza yake inafutwa.

Mfano wa pili unahusu jarida lenyewe. Mwaka 1959 kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach ya New York ilipewa kazi ya kuwauzia Wamarekani gari dogo la Kijerumani, Volkswagen. Majarida ya wakati huo yalijaa magari marefu yenye mabawa nyuma, yamechorwa kwa rangi nzito, pembeni familia inacheka na nyumba nzuri inaonekana. Msanifu Helmut Krone na mwandishi Julian Koenig wakatengeneza ukurasa wa rangi nyeusi na nyeupe, karibu wote mtupu, na lile gari likawekwa dogo kabisa juu upande wa kushoto. Chini kulikuwa na kichwa cha maneno mawili kinachomwambia msomaji afikirie udogo, na aya fupi za maelezo. Mwaka 1999 jarida la Advertising Age liliiweka kampeni hiyo katika nafasi ya kwanza kati ya kampeni zote za karne ya 20. Angalia walichokifanya na nafasi tupu. Jicho linavuka ukurasa mzima kulifikia gari, na safari hiyo ya jicho ndiyo inayoufanya udogo uonekane. Utupu wenyewe umekuwa hoja. Ungelijaza pengo lile kwa picha ya familia, gari lingebaki dogo vilevile, ila udogo wake ungekuwa kasoro ya kufichwa badala ya sifa ya kusimuliwa.

Sasa tuje kwenye muziki. Mwezi Juni 1979 kampuni changa ya Factory Records, ya Manchester nchini Uingereza, ilitoa albamu ya kwanza ya bendi ya Joy Division, Unknown Pleasures. Jalada lilibuniwa na Peter Saville, kijana wa miaka 23, kutokana na mchoro ambao bendi wenyewe walimpelekea. Mchoro ulitoka katika kitabu cha elimu ya nyota, na ulikuwa umechapwa kwa mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe. Saville akaugeuza: mistari ikawa myeupe, na giza likajaa pande zote. Upande wa mbele hapakuwekwa jina la bendi wala jina la albamu. Na mchoro huo ni wa nini? Ni mapigo 80, yaliyopangwa moja chini ya jingine, ya mawimbi ya redio kutoka kwenye nyota iitwayo CP 1919, iliyogunduliwa mwaka 1967 na mwanafunzi wa Cambridge, Jocelyn Bell, pamoja na mwalimu wake Antony Hewish. Nyota hiyo hupiga pigo moja kila baada ya sekunde 1.337, haikosei. Lakini ukiitazama mistari kwa karibu unaona kwamba hakuna miwili inayofanana: huu una ncha moja kali, ule umegawanyika mara mbili, mwingine umelala chini kama umechoka. Muda haubadiliki, umbo linabadilika kila mara. Mpiga ngoma yeyote atakwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Nimekaa juu ya mchoro huo kwa makusudi, kwa sababu unajibu swali ambalo wasanifu wengi hulikwepa: katika tangazo la vitu vichache, ni kitu gani kinachostahili kubaki? Jibu langu ni kile kinachotoka ndani ya muziki. Mistari ile haiwaonyeshi wanabendi, wala haituambii kwamba nyimbo ni nzuri. Inaonyesha mdundo unaojirudia gizani, na aliyeisikiliza albamu ile anajua kwamba mdundo unaojirudia gizani ndio aliousikia. Picha imefanana na muziki kwa tabia, hata kama haifanani nao kwa sura. Mtu anayetaka kubuni tangazo la namna hii asianze kwa kufungua kompyuta. Aanze kwa kusikiliza albamu mara kadhaa na kuandika sentensi moja tu: muziki huu unafanya nini? Unazunguka? Unasubiri? Unajengwa safu juu ya safu? Sentensi hiyo ikipatikana, picha huifuata. Isipopatikana, msanifu ataweka duara jeusi katikati ya karatasi nyeupe na kuliita ubunifu, na duara hilo litafaa albamu yoyote duniani, maana yake haliifai hata moja.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, na ni pingamizi zito. Watu husema uchache ni anasa ya wenye majina. The Beatles waliweza kuitoa albamu yao ya santuri mbili tarehe 22 Novemba 1968 katika jalada jeupe tupu, lililobuniwa na Richard Hamilton, lenye jina la bendi lililobonyezwa kwenye karatasi bila wino na namba ya nakala kwa herufi ndogo. Nani asingewajua? Ni kweli, bendi ile ingeweza kuuza hata katika mfuko wa kaki. Lakini weupe ule ulikuwa na nguvu kwa sababu nyingine pia. Mwaka mmoja kabla, 1967, bendi hiyohiyo ilikuwa imetoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, jalada lililosongamana sura za watu maarufu zaidi ya 50, na baada yake bendi nyingi zikaiga fujo ile ya rangi. Katika dirisha la duka lililojaa majalada ya aina hiyo, jalada jeupe ndilo lililoonekana. Kwa hiyo utupu ni jambo la ujirani. Unapata maana yake kutokana na kilicho pembeni yake, kama vile kunyamaza kwa mtu mmoja kunavyosikika sokoni kuliko kunyamaza kwake msibani. Na kuhusu umaarufu, mifano yangu miwili mingine inajibu: Joy Division walikuwa wanatoa albamu yao ya kwanza kabisa, na Volkswagen lilikuwa gari geni mbele ya wanunuzi waliozoea magari makubwa. Wote wawili hawakutegemea ukubwa wa jina. Walichotegemea ni kuwa tofauti na majirani, na jambo hilo liko wazi hata kwa bendi iliyoundwa juzi.

Hata hivyo, lazima tutenganishe jalada na tangazo, kwa sababu makosa mengi huzaliwa pale vitu hivi viwili vinapochanganywa. Jalada linaweza kukataa kutaja jina, kwa sababu mnunuzi ameshalishika mkononi, akiligeuza atasoma. Tangazo haligeuzwi. Likipitwa limepitwa. Kwa hiyo uchache wa tangazo una sakafu ambayo haushuki chini yake: jina la bendi, jina la albamu, siku inapotoka, na njia moja ya kuipata. Nasema njia moja, kwa sababu orodha ya mitandao sita humfanya msomaji achague kabla hajatamani. Vitu hivyo vinne vinaweza kukaa katika mistari miwili ya herufi ndogo chini ya ukurasa, kwa aina moja ya herufi na kwa saizi zisizozidi mbili. Orodha ya nyimbo ina mahali pake, na majina ya wapiga vyombo yana mahali pake. Ndani ya lile jalada jeupe la mwaka 1968 kulikuwa na bango lililojaa picha na maneno ya nyimbo, pamoja na picha nne za wanabendi. Wingi haukutupwa, ulihamishiwa mahali ambapo mtu ameshakaa na kutulia. Siku hizi mahali hapo ni ndani ya albamu yenyewe, au kwenye ukurasa wa bendi mtandaoni.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kinadharia. Basi tushuke hadi kwenye kiwanda cha uchapaji, kwa sababu huko ndiko uchache unapodai umakini zaidi. Ukurasa wa A4 una milimita 210 kwa 297, na kama rangi ya nyuma inafika ukingoni, msanifu huongeza milimita 3 kila upande ili kisu kikikata kisiache utepe mweupe. Katika tangazo lililojaa, utepe huo haungeonekana; katika tangazo jeusi tupu unang'aa kama jeraha. Eneo kubwa jeusi lililochapwa kwa wino mweusi peke yake mara nyingi hutoka la kijivu, kwa hiyo wachapaji huweka samawati chini yake ili weusi ushibe. Herufi ndogo nyeupe ndani ya weusi huo zina hatari yake: karatasi hunywa wino, wino hutambaa, na miguu myembamba ya herufi huzibwa. Bamba moja likisogea hata kidogo, ukingo wa herufi unatoa rangi ambayo hakuna aliyeiomba. Ndiyo maana aliyechagua maneno tisa tu huchagua herufi zenye unene wa kutosha, na huomba karatasi ya majaribio kabla ya kuidhinisha. Ukiwa na maneno 200, kosa moja hujificha. Ukiwa na maneno tisa, kila herufi inatazamwa.

Pingamizi la pili ni la fedha, na linatoka kwa watu waaminifu wanaohesabu shilingi. Bendi imechangishana ili kupata ukurasa. Kwa nini robo tatu ya ukurasa huo ibaki bila kitu? Nawaelewa, lakini nadhani wanakosea kuhusu walichonunua. Jarida haliuzi karatasi, maana karatasi ni rahisi. Linauza kitambo cha jicho la msomaji, na kitambo hicho hakirefuki kwa sababu umeongeza maneno. Nafasi tupu ni ukuta unaozuia kelele za majirani zisiingie katika kitambo ulicholipia. Mwenye robo ya ukurasa anauhitaji ukuta huo kuliko mwenye ukurasa mzima, kwa sababu juu yake kuna tangazo la simu na pembeni kuna tangazo la chuo. Akibana maneno hadi kwenye mipaka ya kisanduku chake, yatachanganyika na ya wenzake. Akiacha kingo pana ndani ya kisanduku kilekile, jina la bendi litasimama peke yake. Na kabla ya hayo yote amuulize mhariri wa matangazo swali moja lisilo na gharama: ukurasa unaotazamana na wangu utakuwa na nini?

Pingamizi la tatu linagusa nyumbani. Wapo wanaosema kwamba utupu ni ladha ya Ulaya, na kwamba macho ya Waafrika Mashariki hupenda rangi na wingi: tazama mabango ya matamasha, tazama kanga. Nalichukulia pingamizi hili kwa heshima. Bango la tamasha lina haki ya kujaa sura, kwa sababu sura zile ni ahadi kwamba fulani atapanda jukwaani, na mlipa kiingilio anataka kuziona zote. Ni kazi tofauti na kutangaza albamu. Ama kanga, hebu tuitazame vizuri. Ina pindo lililozunguka pande zote nne, ina mji katikati uliojaa maua au korosho, na ni kweli hakuna utupu hapo. Lakini jina la kanga ni moja. Katika nguo yote ile ya mita moja na nusu, maneno yamepewa mstari mmoja, mara nyingi ndani ya kisanduku chake, mahali palepale ambapo jicho limezoea kuyatafuta. Hakuna mwenye kanga aliyewahi kudai methali sita ili apate thamani ya fedha yake. Na lile jina lenyewe halielezi kila kitu. Linasema nusu, nusu nyingine anaimalizia jirani anayelisoma. Taarab nayo imeishi kwa mafumbo miaka mingi kwa msingi huohuo. Kwa hiyo nidhamu ya kusema jambo moja na kumwachia mwingine kazi ya kulimaliza hatukuiazima popote. Msanifu wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kulijaza pindo lake rangi anazozipenda na bado akawa na tangazo la vitu vichache, mradi ujumbe uwe mmoja na uwe na mahali pake.

Kutokana na hayo, nakubali pia mpaka wa hoja yangu. Uchache haufai kila albamu kwa sura ileile. Muziki wa bendi ya watu 20, wenye tarumbeta zinazojibizana na gitaa tatu zinazosukana, ukipewa karatasi nyeupe yenye nukta moja utakuwa umesingiziwa. Sgt. Pepper ilistahili umati wake kwa sababu nyimbo zake nazo zilikuwa umati. Isitoshe, siku bendi zote zitakapotangaza kwa kurasa nyeupe, weupe utakuwa kelele mpya, na atakayeonekana ni yule aliyepaka rangi. Ninachokitetea ni ile kazi ya Bernhard ya kukiuliza kila kitu swali kabla ya kukiruhusu kubaki. Kazi hiyo inaweza kuishia na njiti mbili, au na mistari 80, au na umati mmoja uliopangwa kuwa picha moja.

Msikilizaji mpenzi, kama wewe ni mwanabendi, au meneja, au kijana unayeanza usanifu, kuna kipimo ambacho unaweza kukifanya kesho bila kulipa mtu. Lichape tangazo lako, libandike ndani ya jarida la zamani, katikati ya kurasa nyingine zilizojaa, kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuliona alipekue jarida lote kwa mwendo wake wa kawaida. Usimwambie atafute nini. Akimaliza, lifunge jarida na umuulize amekumbuka nini. Akitaja jina la bendi na picha moja, lipeleke tangazo kiwandani. Akisema aliona albamu fulani yenye watu wengi, rudi mezani, uulize tena kila kitu kwa nini kipo, na uanze na kile ambacho ungeona uchungu kukitoa. Kisha siku albamu itakapotoka, tuletee hapa redioni tuipige, kwa sababu kazi iliyobaki haiwezi kufanywa na karatasi.